Anwani Isiyokaliwa

Mali ni ya namna mbili: iliyo mkononi na iliyo katika karatasi. Ya kwanza humlisha mwenyewe. Ya pili humfariji tu. Mtu mwenye shamba alilolilima huweza kulala na uchovu, lakini si rahisi alale na njaa. Mtu mwenye hati ya shamba asilolilima hulala na fahari, akaamka na njaa. Ajabu ni kwamba wa pili ndiye azungumzaye zaidi habari za shamba lake.

Katika mji wa Tabora uko mtaa uitwao Mtendeni. Jina lenyewe latoa maana yake: mahali penye mtende. Mtende si mti wa asili ya Unyamwezi. Ulifuata njia ya misafara kama zilivyoifuata nguo, shanga, bunduki na lugha ya Kiswahili, kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, na kutoka Unyanyembe mpaka Ujiji. Burton na Speke walipofika pande hizo Novemba 1857, mahali walipopaita Kazeh, walikuta wafanya biashara wa Uarabuni na pwani wamekwisha kufanya makazi, na Wanyamwezi wamekwisha kuwa mashuhuri kwa upagazi wa safari ndefu. Mtende una tabia moja isiyojulikana na kila apitaye chini yake. Uko wa kiume na uko wa kike, na wa kike usipofikiwa na chavuo ya wa kiume hautoi tende za kuliwa. Waweza kusimama miaka mingi, ukapendeza macho ya watu na kuupa mtaa jina, usimshibishe mtu.

Katika mtaa huo palikuwa na nyumba moja iliyofungwa. Warithi wake walitawanyika, huyu Dar es Salaam, huyu Mwanza, huyu ng'ambo huko Muscat. Wakapatana kwamba hati ikae sandukuni kwa dada yao mkubwa. Hapana aliyekaa humo, hapana aliyepangishwa, hapana aliyefagia. Jirani yake alikuwa mzee mmoja, mstaafu wa reli, na katika nyumba ya mzee huyo alipanga chumba kijana mmoja, fundi wa mitambo ya mawasiliano katika chuo kikuu ambacho jina lake si lazima kutajwa, maana habari yake ni habari ya vyuo vingi.

Jioni moja kijana alirudi amekunja uso.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umerudi na uso wa mtu aliyeachwa na treni."

Kijana akaketi barazani, akaeleza. Siku hiyo alitumwa kutafuta stakabadhi katika kabati la ofisi, akakuta jalada la zamani. Ndani yake mlikuwa na karatasi zilizoonyesha kwamba chuo kilipewa na AFRINIC, sajili ya anwani za intaneti ya bara la Afrika yenye makao yake Mauritius, anwani 1,024 na namba ya mfumo unaojitawala. Ada yake ililipwa kila mwaka. Mtunza fedha alilipa kwa kuwa mwenzake wa kabla yake alilipa. Fundi aliyeziomba alikwisha kuhamia kazi nyingine, na waliomfuata hawakuambiwa. Hata moja katika anwani zile haikupata kutumika.

"Basi mna nyumba kama hii," mzee akasema, akielekeza fimbo yake kwa jirani.

Yafaa kueleza mali hiyo ni mali gani, maana haionekani kwa macho. Kila chombo kisemacho na vingine katika intaneti huhitaji anwani, ili kijibiwe. Anwani za mtindo wa kale, ambazo zingali zikitumika duniani kote, jumla yake ni 4,294,967,296, na hesabu hiyo haiongezeki hata kwa amri ya mfalme. Lakini kuwa na anwani hakutoshi. Mwenye nazo hupewa namba yake miongoni mwa mifumo inayojitawala, yaani mitandao ijiamuliayo yenyewe ipitishe wapi mizigo yake. Kisha yampasa atangaze kwa majirani: anwani hizi ziko kwangu, azitakaye apitie hapa. Jirani humpasha habari jirani yake, akitia namba yake mwenyewe katika orodha ya njia, naye wa pili humpasha wa tatu, hata dunia nzima ikajua. Utaratibu huo ulibuniwa Januari 1989 na wahandisi wawili, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, wakati wa chakula, wakauchora katika karatasi za kupangusia mikono. Dunia ingali ikiutumia. Anwani isiyotangazwa haina njia. Na isiyo na njia hakuna barua iwezayo kuifikia.

Mzee wa reli hakuona ugeni katika maneno hayo. Tabora ni mji ulioishi kwa njia. Msafara ulikwenda nyuma ya kirangozi, na kila mtemi aliyemiliki kipande cha njia alitaka hongo yake. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871, njia iliyozoewa ya kwenda Ujiji ilifungika, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini ndipo afike Ujiji mwezi wa Novemba. Mahali alipotaka kwenda hapakuhama. Kilichobadilika ni njia na wenye njia. Baadaye reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likamalizika mwaka 1928, mji ukawa njia panda ya chuma. Mzee alijua kwamba kituo kisichoandikwa katika ratiba si kituo, hata kikiwa na jengo zuri na kengele ya shaba.

Yamkini mtu akauliza: chuo kile kiliishije siku zote bila kutumia anwani zake? Kiliishi kama mpangaji. Kampuni iliyokiuzia huduma ilikiazima anwani chache miongoni mwa zake, na maelfu ya wanafunzi na walimu walijificha nyuma ya hizo chache, kama kijiji kizima kitokacho kwa mlango mmoja. Ukiwa mpangaji huna mengi ya kufikiri. Bomba likipasuka humwita mwenye nyumba. Hiyo ndiyo raha ya kupanga, na raha hiyo ndiyo iliyolifungia jalada kabatini.

Lakini kila raha ina bei yake, na bei ya hii hulipwa kidogo kidogo, pasipo stakabadhi. Maktaba za majarida ya kitaalamu humtambua msomaji wa chuo kwa anwani atokeayo. Chuo kikimwacha mwuza huduma mmoja na kumfuata mwingine, anwani hubadilika zote. Asubuhi yake mtafiti hubisha hodi kwa lango lililomfahamu jana, akaambiwa hajulikani. Kadhalika, mwanafunzi mmoja akipakua vitabu kwa pupa hata mwenye maktaba akaifunga anwani ile, waliofungiwa ni chuo kizima, maana wote wana uso mmoja. Tena, mwenye anwani zake na namba yake aweza kuwa na njia mbili kwa wauza huduma wawili. Kijiko cha wajenga barabara kikiukata mkongo mmoja, majirani hupashwa habari upesi kwamba njia sasa ni ya pili, na anwani zisibadilike. Mpangaji hana uwezo huo. Mwenye nyumba wake akianguka, yeye naye huanguka.

Tena iko faida ya kuonana na majirani. Kabla ya kuwapo vituo vya kubadilishana mawasiliano, barua ya Nairobi kwenda Nairobi iliweza kupanda satelaiti, ikapita ng'ambo, ikarudi. Ni kama mtu wa Tabora ampelekee mwenzake wa Urambo salamu kwa njia ya Unguja. Kenya ilifungua kituo chake mwaka 2000, kikafungwa upesi kwa malalamiko ya shirika la simu lililokuwa na haki ya peke yake, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam ikapata chake mwaka 2004. Katika vituo hivyo hukutana mifumo yenye namba zake. Asiye na namba yake, au aliye nayo asiitumie, huwakilishwa na mwingine, na awakilishwaye hana kauli katika mkutano.

Yote hayo ni ya matumbo na miguu. Lililo kubwa ni la kichwa. Chuo kikuu si duka wala ofisi ya kodi. Kikiwa na darubini ndani ya sanduku lililopigwa misumari, wanafunzi wake wa elimu ya nyota watasoma darubini katika picha. Ndivyo ilivyokuwa hapo. Vijana walifundishwa darasani jinsi mifumo inayojitawala itangazavyo njia, wakajibu maswali ya mtihani na kupata alama nzuri, na chuo chao chenyewe kilikuwa na namba ya namna hiyo, ambayo hapana mwanafunzi aliyeiona ikifanya kazi. Walihitimu wakajua jina la ufunguo bila kupata kuufungua mlango.

Habari ya jalada ilipofika kwa wakubwa, ilifika pamoja na nyingine. Kijana alipoandika kuhuisha anuani ya mawasiliano ya chuo katika sajili, hazikupita wiki nyingi ikaja barua kutoka ng'ambo, ya dalali wa anwani. Alitaka kuzikodi au kuzinunua, akataja thamani. Fedha hizo hazikuwa utajiri, lakini paa la ukumbi wa chuo lilivuja, na kila masika viti vilihamishwa kutoka upande huu kwenda upande ule. Kikao kikaitwa.

Mtunza fedha alisema kwa akili. Anwani zimekaa miaka na hazikumsaidia mtu; paa lingesaidia kesho. Tena, alisema, si aibu: hata Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kule Marekani kiliuza. Ni kweli. Chuo hicho, kifahamikacho kwa jina la MIT, kilipewa zamani anwani zaidi ya 16,000,000, wakati intaneti ilipokuwa changa na hapana aliyedhani zitakwisha. Mwaka 2017 kilitangaza kwamba takriban 14,000,000 hazikupata kutumika, na kwamba kitaachilia 8,000,000. Sehemu yake ilinunuliwa na Amazon.

Kijana alipopewa ruhusa ya kusema alianza kwa kukubali. Kisha akaonyesha tofauti. Chuo kile kiliuza ziada baada ya kushiba, nacho kilisema kwamba fedha zitasaidia kuuhamisha mtandao wake kwenye anwani za mtindo mpya, ambazo wingi wake haukaribii kwisha. Akataja na mfano mwingine: Chuo Kikuu cha Stanford, kilichokuwa na fungu la ukubwa uleule, kililirudisha mwaka 2000 bila kuuza, ili wengine wapewe. Hivyo mwenye ziada ana njia mbili za heshima, kurudisha au kuuza kwa haki. Lakini lazima kwanza awe na ziada. Chuo chao hakikuwa na ziada. Kilikuwa na chakula kisichopikwa. Tena anwani za AFRINIC hutolewa kwa haja: mwombaji hueleza atakavyozitumia. Chuo kilieleza, kikaaminiwa, kikapewa. Kumpa dalali kilichoombwa kwa jina la wanafunzi ni kuyageuza maneno ya ombi kuwa uongo baada ya miaka mingi.

Mtu akauliza: basi zikae hivyo hivyo, kama akiba? Hapo ndipo kijana alipoeleza lililokiogofya kikao. Anwani iliyolala haikai salama. Hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Marekani ya Kaskazini ikaishiwa mwaka 2015 na Ulaya mwaka 2019. Uhaba ukaleta bei, na bei ikaleta wezi. Mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba kumbukumbu za anwani nyingi katika sajili ya Afrika zimechezewa, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulihesabu zaidi ya 4,000,000 zilizopotoshwa hivyo. Nyingine zilitoka katika hazina yenyewe ya sajili; nyingine zilikuwa za wenye nazo wa zamani, yakiwamo makampuni yaliyokwisha kufa au kumezwa na mengine. Mwizi wa anwani hatafuti nyumba yenye taa. Hutafuta jina ambalo barua zake hazijibiwi.

Hata bila kugusa sajili, mtu aweza kutangaza njia isiyo yake. Tarehe 24 Februari 2008 shirika la simu la Pakistan, likitaka kuizuia YouTube nchini mwake, lilitangaza kipande cha anwani za YouTube kuwa kiko kwake. Tangazo likavuka mpaka, majirani wakaliamini, na kwa muda wa saa mbili hivi watu wengi duniani waliotaka YouTube walipelekwa mahali pasipokuwa nayo. YouTube ilikuwa macho, ikajitetea siku ileile. Chuo kisichojua kwamba kina anwani kingejitetea lini?

Kwa haki yapasa kusema na upande wa pili. Wako waonao kwamba chuo kidogo chenye mkongo mmoja na fundi mmoja hakifai kubebeshwa mzigo wa kujitawala. Akiugua fundi, chuo kitanyamaza. Hoja hiyo ina uzito. Lakini dawa ya udogo si usingizi, ni ujamaa. Vyuo vya Kenya viliungana katika KENET mwaka 1999. Vya Uganda vina RENU, vya Tanzania vina TERNET, na mitandao ya namna hiyo katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika iliunda umoja uitwao UbuntuNet Alliance. Chuo kisichoweza kusimama peke yake chaweza kutangaza anwani zake kwa mkono wa umoja wake, kikajifunza humo, na fundi wake akapata wenziwe wa kuuliza. Wapagazi wa zamani hawakuivuka nyika ya Mgunda Mkali mmoja mmoja. Kushindwa kutembea peke yako si sababu ya kutoondoka nyumbani.

Kikao hakikukata shauri la kishujaa. Hakikuuza, hakikutoa fedha za mkongo wa pili, kilimpa kijana muda mpaka mwisho wa muhula aonyeshe kitu. Paa likaendelea kuvuja. Kijana akaanza na lililo dogo. Akasahihisha majina katika sajili, ili barua ifike kwa mtu aliye hai na iendelee kufika hata yeye akiondoka. Akatia saini hati ya kielektroni ithibitishayo ni mfumo upi wenye haki ya kuzitangaza anwani zile, ili mgeni akizitangaza, mitandao ichunguzayo hati hizo ipate kumkataa. Kisha, usiku mmoja wakati wanafunzi wachache waliposalia macho, alitangaza anwani 256, ambalo ndilo fungu dogo kabisa likubaliwalo kwa kawaida katika njia kuu za dunia. Wanafunzi wanne walikuwa wamesimama nyuma yake. Hapakutokea mwako wala mshindo. Palipita dakika chache, wakatazama katika kioo orodha za njia zilizokusanywa katika miji ya mbali, na katika orodha zile ikawamo namba ya chuo chao, mwishoni kabisa, mahali pa mwenye mali. Mmoja wao, binti wa mwaka wa pili, aliomba waiondoe na kuirudisha tena, apate kuona jinsi inavyopotea na jinsi inavyorudi. Wakafanya hivyo. Hilo halikuwa katika mtihani.

Alfajiri alirudi Mtendeni, akamkuta mzee ametoka msikitini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ile nyumba yenu imekaliwa?"

"Chumba kimoja, babu. Vitatu bado."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaitazama nyumba ya jirani. Mwaka ule ukuta wa upande wa pili ulikuwa umesogezwa hatua mbili ndani ya kiwanja, na katika ua palianikwa nguo za watu ambao warithi hawakuwajua. Hati ilikuwa sandukuni kwa dada mkubwa, safi, haina doa. Hapana aliyeiiba hati. Kilichokuwa kikienda ni kiwanja.